Fyuzi, chaja na adapta za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga Tanzania na Kenya, ambako soketi nyingi ni zile za pini tatu za Kiingereza na umeme ni volti 230 mpaka 240. Kama uko Rwanda, Burundi au Kongo plagi zenu nyingi hazina fyuzi ndani, kwa hiyo anza moja kwa moja kwenye maswali ya chaja na adapta.

Fyuzi ya kwenye plagi inalinda nini hasa, kifaa changu au mimi mwenyewe?

Inalinda waya. Watu wengi hawaamini wakiambiwa hivi lakini ndio ukweli, ile fyuzi kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa hauchemki mpaka ukawaka moto. Kifaa kinaweza kuungua kabisa ndani na fyuzi ikabaki nzima. Na wewe ndio kabisa haikulindi, mtu anaweza kuuawa na umeme mdogo sana ambao fyuzi haiuhisi hata kidogo. Ampea 3 ni mara 100 ya ule umeme wa miliampea 30 ambao breka za kuzuia shoti, zile zinazokata umeme ukivuja ili mtu asipigwe shoti, zinawekwa kuukata. Kwa hiyo usije ukashika waya uliochubuka ukijipa moyo kwamba fyuzi ipo.

Nitajuaje niweke fyuzi ya ampea 3, 5 au 13?

Geuza kifaa, tafuta kile kibandiko cha nyuma au chini, soma wati (W). Gawanya wati kwa 230 unapata ampea. Mfano pasi ya wati 1200, ukigawanya unapata ampea 5 na kidogo, hapo ya 5 haitoshi unaweka ya 13. Taa ya meza, redio, dikoda, tivii flati ya kawaida, hizo hazifiki hata ampea 1, weka ya 3. Kwa ufupi, chini ya wati 700 weka ya 3, hita, jagi la kuchemshia maji, pasi na jiko la umeme weka ya 13, ya 5 ni kwa vile vya katikati. Rangi pia zinasaidia, fyuzi nzuri ya 3 huwa nyekundu, ya 5 nyeusi, ya 13 kahawia.

Sasa tatizo letu ni kwamba madukani karibu kila plagi inauzwa ikiwa na ya 13 ndani, unaifunga kwenye waya mwembamba wa feni au redio na maisha yanaendelea. Fyuzi ya 13 ina uwezo wa kubeba ampea 20 kwa muda mrefu tu bila kukatika, wakati waya wa milimita za mraba 0.5, ule mwembamba wa redio, unapaswa kubeba kama 3. Sasa fikiria hitilafu imetokea ndani ya redio inavuta ampea 12, fyuzi inaona sawa tu, breka ya ukutani inaona sawa tu, kinachoungua ni waya uliopita chini ya zulia au nyuma ya pazia. Ndio maana nasisitiza sana hili, badilisha hiyo ya 13 uweke ya 3, fyuzi ni bei ya karanga.

Friji ina wati 150 tu, mbona kitabu chake kinasema fyuzi kubwa?

Kwa sababu ya mota. Friji, pampu ya maji, blenda, vyote wakati wa kuwaka vinavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Ukiweka fyuzi ndogo mno itakuwa inakatika kila siku na nyama inaharibika. Fuata kitabu au kibandiko, kikisema 13 weka 13 kwa sababu waliotengeneza waliweka na waya unaoendana nayo.

Fyuzi imekatika usiku na maduka yamefungwa, naweza kuweka kipande cha waya au ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara kwa muda tu?

Hapana, hapana, hapana. Naomba hili ulisome hata kama mengine hutayasoma. Uzi mmoja wa shaba wenye unene wa milimita 0.2, mwembamba kama unywele mnene, unayeyuka kwenye ampea 7 hivi. Lakini watu hawaweki uzi mmoja, wanasokota kadhaa, au wanachukua kipande kizima cha waya wa milimita za mraba 1.5 wa kwenye taa, na hicho hakiyeyuki mpaka upite zaidi ya ampea 100. Hapo huna fyuzi, una chuma tu kinachopitisha kila kitu, na kitakachoyeyuka kwanza ni waya wako wa ukutani. Karatasi ya sigara ndio mbaya zaidi maana hakuna anayejua inakatika kwenye ngapi, na ikikatika inarusha cheche.

Na hiyo "kwa muda tu" tunaijua wote, inakaa miaka mpaka nyumba inahamiwa na mpangaji mwingine ambaye hajui chochote. Kama ni usiku, chomoa fyuzi ya kifaa kingine usichokihitaji chenye namba ileile, au lala bila hicho kifaa.

Zile nyumba za zamani zenye kati-auti za kaure ambazo zinafungwa waya wa fyuzi, waya wake unauzwa maalum umeandikwa ampea, 5, 15 au 30. Nunua huo uweke karibu na mita. Bora zaidi mwambie mwenye nyumba aweke breka.

Kila nikiweka mpya inakatika palepale. Niongeze ukubwa?

Usiongeze. Inakwambia kuna shoti, yaani waya zimegusana ndani. Kwa fyuzi za kioo unaweza hata kusoma kilichotokea: kioo kikiwa cheusi tii au kina rangi kama ya kioo cha kujitazamia kwa ndani, umeme mwingi ulipita ghafla, hiyo ni shoti. Kioo kikiwa safi ila uzi umekatika katikati tu, ilizidiwa pole pole au imechoka kwa umri. Ya pili unaweza kubadilisha ukaangalia itakuwaje. Ya kwanza peleka kifaa kwa fundi.

Fyuzi za kioo za ndani ya kifaa zinaandikwa T au F, maana yake nini? Fundi kaniambia zote sawa.

Sio sawa. F inakatika haraka, T inavumilia kidogo pale kifaa kinapowaka. Ukiona T3.15A 250V basi rudisha T3.15A 250V. Ukiweka F mahali pa T itakuwa inakatika bila sababu, halafu ndipo mtu anaudhika anaweka waya. Ukiweka T mahali pa F, kifaa kinaweza kuungua kabla fyuzi haijashtuka.

Kitu kingine ni kioo na kaure. Fyuzi ndogo ya kioo ina uwezo wa kuzima shoti ya kama ampea 35 tu au mara 10 ya namba yake, ya kaure yenye alama ya H inazima mpaka ampea 1500. Kama uliyotoa ilikuwa nyeupe ya kaure usirudishe ya kioo hata kama inaingia vizuri, inaweza kupasuka. Hizi za kaure ndizo zipo kwenye maikrowevu nyingi, na kwa maikrowevu nakuomba usifungue kabisa hata ukiwa mtaalamu wa kuangalia video, kapasita ya ndani ina volti kama 2000 na inaweza kubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa. Watu wamekufa kwa hiyo.

Fyuzi feki nitazitambuaje pale Kariakoo Dar au Luthuli Nairobi?

Fyuzi halisi ya plagi imeandikwa BS 1362 (kiwango cha Uingereza cha fyuzi za plagi) na ampea zake kwa maandishi yasiyofutika ukisugua kwa kidole, na ndani imejaa mchanga laini. Huo mchanga ndio unaozima cheche uzi ukikatika. Feki nyingi ziko tupu. Nunua pakiti moja, peleka nyumbani, vunja moja kwa koleo: mchanga ukimwagika hizo nyingine weka kwenye droo, ukikuta uzi tu unaning'inia kwenye hewa tupa pakiti nzima.

Plagi nazo angalia pini. Pini mbili za chini zinatakiwa ziwe na plastiki nyeusi kwenye nusu ya juu. Ila ile pini ndefu ya ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) inatakiwa iwe chuma tupu mwanzo hadi mwisho. Ukiona pini ya ethi nayo imevalishwa plastiki nusu, hiyo ni feki asilimia mia, maana ikiingia kwenye soketi ethi inaweza isigusane kabisa. Nembo ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, iangalie pia ingawa nayo inagushiwa, kwa hiyo pini ndio shahidi wangu wa kwanza.

Chaja yangu ina pini mbili, nachokonoa tundu la juu na kalamu ndio inaingia. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa, na karibu kila nyumba inafanya. Lile tundu la juu linafungua vizuizi vya matundu mawili ya chini, vimewekwa ili mtoto asiingize msumari. Ukichokonoa kila siku vinachoka vinabaki wazi. Halafu pini za duara hazikukusudiwa kwa soketi ile, zinagusa kwa ncha tu, panapata joto, soketi inaanza kuwa kahawia. Na umeruka fyuzi, waya mwembamba wa chaja sasa unalindwa na breka ya ampea 20 au 32 ya ukutani peke yake. Kama huna kalamu ya plastiki ukatumia kijiko au bisibisi, hapo unacheza na kifo. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi ndani, inauzwa kila duka la umeme.

Chaja ya laptop imekufa, jirani ana nyingine inaingia vizuri. Nitumie?

Kuingia sio hoja. Soma sehemu iliyoandikwa OUTPUT kwenye chaja zote mbili. Volti lazima zilingane, tofauti ya nusu volti kama 19 na 19.5 haina shida. Ampea za chaja ziwe sawa au zaidi ya zile laptop inazotaka, kamwe zisipungue. Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa wanadhani ampea nyingi zitaunguza, hapana, laptop inachukua kiasi inachohitaji tu. Laptop ya 19V 3.42A ukiipa chaja ya 19V 4.74A inafurahi. Ukiipa ya 19V 2.1A chaja itachemka mpaka isishikike, na za bei rahisi hazina ulinzi wa kujizima.

Adapta ya ruta au dikoda je?

Hesabu ni ileile, ila hapa kuna mtego wa ziada, chanya na hasi. Kwenye kibandiko kuna kamchoro ka duara dogo lenye alama ya + upande mmoja na − upande mwingine, kinakuonyesha katikati ya kile kichwa ni chanya au hasi. Ruta nyingi ni chanya katikati, lakini baadhi ya vinanda na vifaa vya muziki ni hasi katikati, ukichanganya unaweza kukiua kifaa kwa sekunde moja. Angalia pia kama imeandikwa DC au AC, kuna adapta zinazotoa AC na hizo hazibadilishani na za DC hata volti zikifanana. Nyumba yenye adapta tano nyeusi zinazofanana chukua tepu nyeupe na kalamu, andika kila moja jina la kifaa chake leo leo.

Nikichajia simu kwa chaja ya laptop ya type C ya wati 65 haiungui?

Haiungui kama chaja ni halisi. Inaanza kutoa volti 5, halafu simu na chaja zinaongea, simu ikikubali ndio volti zinapanda mpaka 9 au zaidi. Hatari ya kweli iko kwenye chaja za bei ya chini kabisa zinazouzwa barabarani, zile nyepesi kama zimejaa hewa. Ndani yake upande wa volti 230 na upande wa simu vimetenganishwa na kanafasi kadogo sana, siku vikigusana ile volti yote inakuja kwenye simu uliyoweka sikioni. Usiongee na simu iko kwenye chaji ya namna hiyo, na mtoto asilale nayo.

Laptop ya chuma inaniwasha mkononi ikiwa kwenye chaji, kama inatetemeka.

Mara nyingi ethi haipo. Aidha umetumia plagi ya pini mbili, au soketi ina pini tatu lakini nyuma yake hakuna waya wa ethi uliofungwa, jambo ambalo liko kwenye nyumba nyingi tu. Kule kuwasha kidogo kwenyewe hakuui, ila kunakwambia kwamba siku hita au friji ikivuja umeme, bodi yake itabaki na umeme kamili ikisubiri mtu aiguse na mguu peku. Ita fundi apime ethi ya nyumba nzima.

Shangazi kaniletea blenda na jagi la umeme kutoka Marekani, nikiweka kiadapta cha pini naweza kutumia?

Kiadapta cha pini kinabadilisha pini tu, hakibadilishi volti. Marekani ni volti 120, Japani ni 100. Soma kibandiko: kikisema 100-240V, 50/60Hz chomeka bila wasiwasi, chaja za simu na laptop karibu zote ziko hivyo. Kikisema 120V peke yake usichomeke. Jagi la wati 1500 la Marekani ukilipa 230 linataka kuvuta kama wati 5500, maana volti zikikaribia mara mbili nguvu inakaribia mara nne. Hizo ni ampea 24, jagi linakwenda na linaweza kuondoka na soketi.

Transfoma ya kushusha inasaidia vitu vidogo. Nunua yenye wati zaidi ya kifaa, kwa vitu vya mota kama blenda uchukue mara mbili. Kwa jagi, pasi au hita haina maana, transfoma ya wati 2000 ni zito kama ndoo ya maji na bei yake unanunua majagi kadhaa ya hapa hapa. Na transfoma haibadilishi hezi (Hz, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde), Marekani ni 60 sisi 50, kwa hiyo saa ya kule ya kuchomeka kwenye umeme itachelewa na maikrowevu ya kule itachemka hata ukiipa volti sahihi. Vitu kutoka Oman na Dubai havina shida hii, vinatumia umeme kama wetu na pini zilezile.

Kompyuta za mezani za mtumba ziangalie nyuma kwenye pawa saplai, zingine zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Isogeze iwe 230 kabla hujachomeka. Ukiwasha ikiwa kwenye 115 utasikia mlio kama bunduki.

Umeme unakatika na kurudi kila mara, nilinde vipi friji na tivii?

Friji inahitaji friji gadi, kale kaboksi kanakosubiri dakika chache umeme ukirudi ndio kanairuhusu friji. Compresa ikizimwa na kuwashwa papo hapo inalazimika kusukuma ikiwa na presha, inavuta umeme mwingi, inakufa mapema. Kama kwenu umeme ni mdogo, taa zinafifia jioni, friji gadi itakuwa inazima tu, hapo unahitaji stablaiza inayopandisha volti. Umeme ukikatika nenda kazime pasi, jiko na hita kwenye swichi, wengi wanasahau, umeme unarudi usiku wa manane pasi iko juu ya nguo.

Ekstensheni moja ina matundu sita, naweza kujaza yote?

Tivii, dikoda, redio na chaja, jaza. Pasi na jagi pamoja, hapana, ukijumlisha zote zisipite wati 2900 hivi kwa ekstensheni nzuri yenye fyuzi ya 13, na kwa zile za waya mwembamba hata 1000 ni nyingi. Waya ulioviringishwa ufungue wote kabla ya kuweka kitu kikubwa, ukiwa umejikunja joto halina pa kwenda. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni.

Instant shawa niifunge kwenye soketi ya kawaida?

Kamwe. Nyingi ni wati 5000 na zaidi, inataka waya wake wenyewe wa milimita za mraba 6, breka yake, ethi ya uhakika na breka ya kuzuia shoti. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni, Tanzania anapewa na EWURA, Kenya na EPRA, muombe akuonyeshe na usione aibu.

Hiyo breka ya kuzuia shoti nitajuaje kama ninayo?

Fungua boksi la breka, tafuta iliyo pana kuliko nyingine yenye kitufe kidogo cha T, imeandikwa 30mA au 0.03A. Bonyeza T, inatakiwa ijikate papo hapo. Isipojikata imekufa, badilisha. Ukikosa kabisa kitufe cha T basi nyumba yako ina breka za kulinda waya tu. Na ikiwa inajikata yenyewe kila mara usikubali fundi "aipitishe pembeni", mwambie atafute ni kifaa gani kinavuja, achomoe kimoja kimoja mpaka akipate.

Plagi ina joto nikiigusa, nifanye nini?

Vuguvugu baada ya kupiga pasi nusu saa ni kawaida. Moto wa kukufanya uondoe kidole, harufu ya samaki au plastiki, au rangi ya kahawia kuzunguka tundu, zima swichi ya ukutani, usichomoe kwa kuvuta waya. Ikipoa fungua plagi uangalie kama skrubu zimelegea, hiyo ndio sababu namba moja, zikaze, waya wa kahawia uko kwenye upande wa fyuzi, bluu upande wa pili, kijani na njano kwenye ethi ya juu. Kama plastiki imeyeyuka au vibano vya fyuzi vimepoteza ukakamavu badilisha plagi yote, na kama soketi nayo imeungua badilisha na soketi siku hiyohiyo, baada ya kuzima mein swichi, kwa sababu soketi mbovu itaharibu na plagi mpya utakayoweka.